Kujifunza Kuchapa kwa Michezo ya Mtandaoni (Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza namna ya kukaa na namna ya kupumzisha vidole kwenye safu ya kati ya kibodi: kidole cha shahada cha kushoto juu ya F, cha kulia juu ya J, penye vile vinundu vinavyopapaswa bila kutazamwa. Leo tufungue michezo yenyewe, ile ambayo vijana wa Likoni na Kisauni huicheza saibani, na mzazi akipita mlangoni huona magari ya rangi kwenye skrini na kudhani pesa zake zinapotea.

Hazipotei, mradi mtoto haangalii vidole. TypeRacer, ulioanza 2008, humpa kila mchezaji gari. Unachapa aya, gari linasonga, na ukikosea halisongi tena mpaka urekebishe. Nitro Type wa 2011 unafuata mtindo huohuo kwa madoido zaidi, na watoto huupenda kwa sababu hiyo. Katika ZType maneno huteremka yamebebwa na vyombo vya adui, na kila herufi sahihi ni risasi. Kasi hutajwa kwa maneno kwa dakika, lakini "neno" katika hesabu hii ni mibofyo mitano, nafasi ikiwemo. Anayechapa "hawakutuambia" na nafasi moja baada yake amehesabiwa karibu maneno matatu.

Wengi hupanda haraka mwanzoni, kisha kasi hugoma palepale, nao hukata tamaa. Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1897, na tena 1899, Wamarekani William Lowe Bryan na Noble Harter walichapisha utafiti juu ya watu waliokuwa wakijifunza kazi ya telegrafu. Waliona mwanafunzi akipanda, akikwama kwa muda, kisha akipanda tena. Maelezo yao yalikuwa kwamba wakati wa kukwama mazoea mapya yanajengeka: aliyekuwa akishughulika na herufi mojamoja anaanza kuyapokea maneno mazima.

Hapo ndipo michezo ya Kiingereza inapotupunja. Vidole vinazoea mafungu kama "tion" na "ck", ambayo barua ya mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Mtongwe haiyahitaji hata kidogo. Na kibodi yenyewe, aliyoibuni Christopher Latham Sholes na ikauzwa na Remington kuanzia 1874, haikupangwa kwa ajili yetu. Q na X hatuna kazi nazo, ilhali A, iliyojaa katika maneno yetu, imeachiwa kidole cha mwisho cha kushoto, kinyonge kuliko vyote. Chapa "kaka": kulia, kushoto, kulia, kushoto, raha tupu. Sasa chapa "nyumbani". N, Y, U na M, zote nne ni za kidole cha shahada cha kulia. Kinaanzia chini, kinaruka juu, kinarudi chini, na mkono wa kushoto bado haujaitwa. Maneno ya aina hii hayafanyiwi mazoezi na anayecheza kwa Kiingereza peke yake. Monkeytype, ulioanza 2020, una orodha ya maneno ya Kiswahili, chagua hiyo. Ila ujue kwamba, usipobadilisha mipangilio, hukuacha uendelee mbele na makosa yako, kwa hiyo tazama asilimia ya usahihi kabla ya kutazama kasi.

Nami sina subira na wanaojigamba kwa kasi peke yake. Nenda Changamwe, kwenye ofisi za mawakala wa kutoa mizigo bandarini, uone kinachochapwa kutwa: nambari za kontena. Kila kontena lina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho ni mlinzi wa zile zilizotangulia. Kila herufi hupewa thamani yake, kila nafasi huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea hadi 512, jumla hugawanywa kwa 11, na baki ndiyo tarakimu ya mwisho (baki likiwa 10, huandikwa 0). Chukua mfano unaotumika sana kufundishia, CSQU 305438, ambao mlinzi wake ni 3. Karani akipindua 54 iwe 45, hesabu inatoa 1 badala ya 3, na kompyuta iliyowekewa ukaguzi huu inagundua kosa papo hapo. Uzito wa mzigo au thamani yake katika dola havina mlinzi kama huyo. Hapo ni macho ya karani na vidole vyake tu.

Michezo ya magari haikufundishi hayo, kwani aya zake ni za maneno matupu. Anayetafuta kazi upande huo afanye mazoezi ya kisanduku cha tarakimu kilicho kulia mwa kibodi, kidole cha kati kikiwa juu ya 5, ambayo nayo ina kinundu chake. Kompyuta nyingi ndogo za mkononi hazina kisanduku hicho. Kibodi ya saiba kwa kawaida inacho, hata ikiwa herufi zake zimefutika kwa kutumiwa. Kwa mwanafunzi wetu kufutika huko ni heri, maana hakuna cha kuchungulia.

Wiki ijayo: Tux Typing, mchezo usiohitaji mtandao, na jinsi mwalimu anavyoweza kuutilia orodha yake mwenyewe ya maneno ya Kiswahili.