Likizo ikifutwa, fedha za mteja zinakuwa wapi?

USIKU wa kuamkia Septemba 23, mwaka 2019, kampuni ya utalii ya Thomas Cook ya Uingereza ilifunga milango baada ya kufanya biashara kwa miaka 178. Asubuhi yake maduka yake hayakufunguliwa, ndege zake za Uingereza hazikuruka tena, na wafanyakazi wake wapatao 21,000 katika nchi mbalimbali, kati yao 9,000 nchini Uingereza, wakawa hawajui hatima yao.

Siku hiyo wateja wa kampuni hiyo wapatao 600,000 walikuwa likizo ugenini, wakiwamo Waingereza takriban 150,000. Mbali ya hao, Waingereza wengine wapatao 800,000 walikuwa wameshatoa fedha kwa ajili ya likizo ambazo siku zake zilikuwa hazijafika.

Swali la watu wote hao lilikuwa moja: Je, fedha zetu zitarudi? Kwa sehemu kubwa ya Waingereza hao, zilirudi. Lakini katika biashara hiyo hiyo walikuwapo watu wengine ambao hawakuwa na mahali pa kupeleka fomu ya madai na kulipwa. Hao ni wenye hoteli, na nyuma yao wauza samaki, mayai na nyanya.

Makala haya yanaeleza tofauti hiyo ilitoka wapi, na ina somo gani kwa msafiri wa hapa kwetu na kwa mkulima anayeuza mazao yake hotelini.

Mteja ni mkopeshaji

Kampuni za aina hii huuza safari ya jumla, yaani tiketi ya ndege, chumba cha hoteli na usafiri wa kutoka uwanja wa ndege, vyote kwa bei moja. Mteja hutoa kianzio siku anapoweka nafasi, kisha humalizia kiasi kilichobaki wiki kadhaa kabla ya kuondoka.

Tuchukue mfano wa familia inayolipia safari ya Sh6 milioni. Januari inatoa kianzio cha Sh1.5 milioni, Mei inamalizia Sh4.5 milioni, na Julai inasafiri. Kuanzia Januari hadi Julai familia hiyo haijapata kitu chochote isipokuwa karatasi. Kwa lugha ya uchumi, imeikopesha kampuni bila riba na bila dhamana.

Kampuni nayo haiziweki fedha hizo kabatini. Inazitumia kulipia ndege, mishahara, matangazo na madeni ya nyuma. Mambo yakienda vizuri hakuna anayeuliza. Fedha za wateja wa kesho zinalipa gharama za wateja wa leo, na gurudumu linazunguka.

Gurudumu likisimama, ndipo inapoonekana kwamba fedha za mteja hazipo tena. Thomas Cook ilikuwa na madeni yaliyozidi pauni bilioni 1.5, na siku zake za mwisho ilikuwa ikihaha kutafuta pauni milioni 200 za ziada. Mteja aliyetegemea kulipwa kutoka katika droo ya kampuni hiyo asingeambulia kitu cha maana.

Mfuko uliozaliwa na balaa

Kilichowaokoa Waingereza ni mfuko ulio nje ya kampuni. Chanzo chake ni balaa la zamani. Agosti 1974 kampuni nyingine kubwa, Court Line, ilianguka katikati ya msimu wa likizo na kuacha makumi ya maelfu ya watu wakiwa ng'ambo. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuanzisha mfuko wa akiba kwa ajili ya wasafiri.

Utaratibu uliopo sasa unajulikana kwa jina la ATOL na unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza. Kampuni inayouza safari ya jumla ya ndege lazima iwe na leseni, na kwa kila msafiri inatoa pauni 2.50 ambazo huingia katika mfuko wa pamoja. Kampuni ikifa, fedha hizo hazifi nayo.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019. Ndani ya wiki mbili zaidi ya safari 700 za ndege zilipangwa, na takriban watu 140,000 wakarudishwa nyumbani. Oktoba 7 fomu za madai zikafunguliwa kwa waliokuwa hawajasafiri. Mamlaka ilijiwekea lengo la kulipa ndani ya siku 60, ingawa wapo waliosubiri zaidi kwa sababu ya wingi wa madai.

Waliolipa kwa kadi ya mkopo walikuwa na mlango mwingine. Sheria ya Mikopo ya Walaji ya Uingereza ya mwaka 1974 inasema bidhaa au huduma yenye bei ya zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000 ikilipiwa kwa kadi ya mkopo, mtoaji wa kadi anawajibika pamoja na muuzaji. Mlango huo uliwafaa hasa walionunua tiketi ya ndege peke yake, kwa kuwa wengi wa hao hawakuwa chini ya mfuko.

Hata hivyo, mfuko ukiwa mdogo kuliko fedha zinazoshikwa na kampuni, mteja bado yuko hatarini. Ujerumani iligundua hilo mwaka huo huo. Bima ya tawi la Thomas Cook la nchi hiyo ilikuwa na ukomo wa euro milioni 110, kiasi ambacho hakikutosha madai, na serikali ikalazimika kuahidi kufidia pengo kwa fedha za walipakodi. Mwaka 2021 nchi hiyo ikaanzisha mfuko maalumu wa kulinda safari. Juni 2024, kampuni kubwa ya FTI ilipofilisika, mfuko huo ndio uliobeba mzigo wa kuwarudishia wateja wake.

Corona na vita ya vocha

Mwaka 2020 ulileta mtihani wa aina nyingine. Safari hii kampuni hazikuwa zimefilisika, bali mipaka ilifungwa na likizo karibu zote zikafutwa kwa mkupuo. Sheria za Umoja wa Ulaya zilisema wazi kwamba mteja wa safari ya jumla iliyofutwa arudishiwe fedha zake ndani ya siku 14. Uingereza nayo ilikuwa na kanuni hiyo hiyo.

Kampuni nyingi hazikuwa na fedha za kurudisha kwa wakati huo mfupi. Zikaanza kutoa vocha badala ya fedha: usidai sasa, utasafiri baadaye. Ufaransa ilitoa agizo Machi 2020 lililoruhusu kampuni kutoa vocha za miezi 18, na fedha kurudishwa tu kama vocha haikutumika. Juni 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba agizo hilo lilikwenda kinyume cha sheria ya umoja huo.

Nchini Uingereza, mamlaka ya ushindani ilizibana kampuni moja baada ya nyingine. Desemba 2020 kampuni ya lastminute.com iliahidi kuwarudishia zaidi ya wateja 9,000 jumla ya zaidi ya pauni milioni 7 ifikapo mwisho wa Januari 2021. Tarehe ilipopita huku baadhi ya wateja wakiwa hawajalipwa, mamlaka hiyo ilitishia kuipeleka kampuni mahakamani.

Ikumbukwe kwamba vocha ni ahadi. Anayeipokea anaukubali mkopo wake uendelee, na kwa kampuni ile ile iliyoshindwa kulipa mara ya kwanza. Ahadi ni deni, lakini deni la aliyefilisika halinunui hata mkate.

Upande wa pili wa mnyororo

Mpaka hapa tumemzungumzia mteja. Sasa tugeuke tumtazame mwenye hoteli.

Wakati mteja analipa miezi kabla ya kusafiri, kampuni humlipa mwenye hoteli baada ya mgeni kuondoka, mara nyingi siku 60 au 90 baadaye. Kwa hiyo kampuni inakopa pande zote mbili: kwa mteja na kwa hoteli. Tofauti ni kwamba mteja ana mfuko, hoteli haina.

Siku moja kabla ya Thomas Cook kuanguka, wageni wa hoteli moja ya Hammamet, Tunisia, walilalamika kwamba walizuiwa kutoka getini na kutakiwa walipe upya, kwa sababu hoteli ilihofia kwamba kampuni haitalipa. Kitendo hicho hakiteteeki, lakini hofu ilikuwa na msingi. Waziri wa Utalii wa Tunisia wa wakati huo, René Trabelsi, alisema hoteli za nchi yake zilikuwa zinaidai kampuni hiyo euro milioni 60 za wageni wa Julai na Agosti pekee. Wageni hao walikuwa wameshakula, wameshalala na wameshaondoka.

Pwani yetu nayo inalijua jambo hili. Mei 2014 serikali ya Uingereza iliwashauri raia wake wasiende Mombasa na sehemu ya pwani ya jirani isipokuwa kwa ulazima, kwa sababu za usalama. Kampuni za Thomson na First Choice ziliwarudisha nyumbani mamia ya wageni kabla ya siku zao na kufuta safari zote za Mombasa hadi mwisho wa Oktoba. Mteja wa Uingereza alikuwa na haki ya kudai fedha zake au kubadilishiwa safari. Aliyekuwa amepanda mchicha kwa ajili ya jikoni za hoteli hakuwa na pa kudai.

Mwaka 2020 mambo yalikuwa makubwa zaidi. Watalii walioingia Tanzania walipungua kutoka takriban milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 621,000. Zanzibar walipungua kutoka zaidi ya 538,000 hadi takriban 260,000. Kila kitanda kilichobaki kitupu kilikuwa na kifungua kinywa ambacho hakikupikwa, na mayai na matunda ambayo hayakununuliwa.

Mkulima naye anakopesha

Mkulima anayepeleka mboga hotelini na kuambiwa "njoo mwisho wa mwezi ujao" yumo katika mnyororo huo huo, na amekaa mwisho kabisa.

Tupige hesabu. Tuseme kikundi kinapeleka mboga za Sh300,000 kila wiki na kinalipwa baada ya wiki 8. Wakati wowote hoteli inakuwa imeshika Sh2.4 milioni za kikundi. Wageni wakikatika na hoteli ikashindwa kulipa, hasara ni mboga za msimu mzima, pamoja na mbolea na dawa ambazo huenda nazo zilikopwa. Muda huo ukipunguzwa hadi wiki 2, kinachoweza kupotea ni Sh600,000. Mboga ni zile zile na bei ni ile ile, lakini hatari imepungua mara nne.

Kwa hiyo anayejadiliana na hoteli asiangalie bei ya kilo peke yake. Bei nzuri inayolipwa baada ya miezi miwili inaweza kuwa mbaya kuliko bei ya kawaida inayolipwa kila wiki mbili. Aidha, ni busara kuweka katika mkataba kwamba malipo yakichelewa kupita siku fulani, mzigo unasimama. Na asiyetaka kuanguka na hoteli moja atafute pia soko la mjini, shule au wauza jumla, hata kama wananunua kwa bei ya chini kidogo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Msafiri wa hapa kwetu, awe anakwenda Hijja, Dubai au Serengeti, naye ana ya kuzingatia. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Lakini haki ya kudai na fedha mkononi ni vitu viwili tofauti. Kabla ya kulipa, uliza yafuatayo:

Kwanza, nani anashika fedha? Wakala anaweza kuwa amekwisha kuzipeleka kwa shirika la ndege au kampuni ya ng'ambo. Ujue mapema utamdai nani.

Pili, mkataba unasemaje kampuni ikifuta safari, na unasemaje wewe mwenyewe ukighairi? Hayo ni mambo mawili. Anayeghairi mwenyewe kwa kawaida hupoteza kianzio. Aliyefutiwa safari hapaswi kukipoteza. Mkataba usiotofautisha mambo hayo usiusaini.

Tatu, unalipa kwa njia gani? Malipo ya kadi au ya akaunti ya benki ya kampuni huacha alama, na ya kadi yanaweza kupingwa kupitia benki. Fedha zilizotumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi ni vigumu kuzifuatilia. Dai risiti yenye jina la kampuni.

Nne, kwa nini ulipe zote leo? Toa kianzio kidogo kadiri inavyowezekana, na malizia karibu na siku ya safari. Kila wiki unayochelewesha malipo kihalali ni wiki moja ambayo hukumkopesha mtu.

Tano, ukiambiwa uchukue vocha, uliza nani atailipa kampuni ikifungwa. Kama hakuna jibu, dai fedha.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya safari, daftari lenyewe halitoshi. Walionusurika mwaka 2019 hawakuwa na stakabadhi nzuri tu, bali fedha za kuwalipa zilikuwa zimewekwa pembeni, mahali ambapo kampuni haikuweza kuzigusa. Anayelipia likizo na anayepeleka kreti za nyanya hotelini wote wana haki ya kuuliza kama zao zimewekwa hivyo. Wakijibiwa hapana, wapunguze kiasi wanachokopesha.