Bunduki katika Filamu ya Zulu: Historia, Makosa na Msamiati wa Kiswahili

1. Utangulizi

Filamu iitwayo Zulu, iliyoongozwa na Cy Endfield na kutolewa mwaka 1964, imo miongoni mwa filamu za vita zijulikanazo sana duniani. Inasimulia mapigano ya Rorke's Drift ya tarehe 22 na 23 Januari 1879, kando ya mto Mzinyathi, ambapo askari wapatao 150 wa jeshi la Uingereza walilinda kituo cha misheni dhidi ya Wazulu kati ya 3,000 na 4,000. Ilipigwa picha huko huko Natal, na Mangosuthu Buthelezi aliigiza nafasi ya mfalme Cetshwayo, babu wa mama yake.

Makala haya yanachunguza silaha za moto zionekanazo katika filamu hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, silaha ni ushahidi wa historia: anayeiweka bunduki isiyo ya wakati wake mikononi mwa mtu hubadili maana ya tukio. Pili, mwanafunzi atakayeieleza filamu hii kwa Kiswahili huelekea kutumia neno moja tu, bunduki, kwa vitu vilivyotofautiana kabisa. Hali Kiswahili kina maneno ya kuvitenga.

2. Bunduki ya Martini-Henry

Silaha kuu ya filamu ni Martini-Henry, iliyopokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1871. Jina lake linaunganisha watu wawili: Friedrich von Martini, aliyebuni mtambo wake, na Alexander Henry wa Edinburgh, aliyebuni mifuo ya ndani ya mtutu iizungushayo risasi. Haikuwa na ghala la risasi. Ilipokea moja tu kwa kila mfyatuo. Askari alivuta chini wenzo uliokuwa nyuma ya kifyatulio, kipande cha chuma kilichoziba mtutu kikashuka, na ganda tupu likatupwa nje. Kisha alitia risasi mpya kwa mkono na kuurudisha wenzo juu. Mikono iliyozoea iliweza kufyatua mara kumi na zaidi kwa dakika moja.

Risasi yenyewe ilikuwa na uzito wa gramu 31 hivi, nayo ilikuwa ya madini ya risasi. Hapa Kiswahili kimehifadhi jambo ambalo lugha nyingine zimelitenga: neno risasi, lenye asili ya Kiarabu, hutaja madini na pia kitu kirushwacho na bunduki. Kwa Martini-Henry maana hizo mbili zilikuwa kitu kimoja.

Silaha hiyo ilikuwa na kasoro. Ilitumia baruti nyeusi, yenye moshi mzito na masizi yaliyochafua mtutu. Mtutu ulipopata moto, ganda jembamba la shaba liliweza kukwama au kupasuka. Tena bunduki ilipiga bega kwa nguvu, hata likavimba baada ya mifyatuo mingi. Usiku ule wa Rorke's Drift zilitumika risasi zipatazo 20,000. Kulipopambazuka zilikuwa zimebaki 900 hivi. Pale adui alipofika ukutani, kilichoamua kilikuwa singe, ile ndefu iliyochomekwa kwenye ncha ya mtutu. Filamu imelionyesha jambo hili vema.

3. Silaha zisizo za wakati wake

Mtazamaji makini ataona kwamba si bunduki zote katika filamu ni Martini-Henry. Katika safu za nyuma baadhi ya askari hushika bunduki za komeo za aina ya Lee-Enfield, na mikono yao huvuta komeo badala ya wenzo. Aina hiyo ilipokewa mwaka 1895, yaani miaka 16 baada ya vita vile. Maafisa nao hubeba rivolva za Webley za muundo wa mwaka 1915, ilhali rivolva ya jeshi mwaka 1879 ilikuwa Adams. Sababu ya makosa ya namna hii si vigumu kuikisia: silaha za kale zilizo nzima ni chache, na filamu yenye mamia ya waigizaji hujaza pengo kwa kilichopo. Makosa hayo ni madogo, kwa kuwa hayabadili mwenendo wa mapigano.

4. Kosa lenye uzito

Lipo kosa jingine lisiloonekana kwa macho, nalo ni zito zaidi. Katika filamu, Wazulu wanapofyatua kutoka mlimani, inaelezwa kwamba wanatumia Martini-Henry zilizotekwa Isandlwana. Ni kweli kwamba tarehe 22 Januari jeshi la Wazulu lilishinda kambi ya Isandlwana na kuteka bunduki zipatazo 1,000. Lakini vikosi vilivyokwenda Rorke's Drift, chini ya Dabulamanzi kaMpande, nduguye mfalme, vilikuwa vya akiba. Havikuingia kambini wakati wa kugawana nyara. Silaha zao za moto zilikuwa hasa magobori ya zamani, yaliyonunuliwa kwa miaka mingi kwa njia ya ghuba ya Delagoa na kwa wafanyabiashara kama John Dunn.

Tofauti hii ina maana. Kwa maelezo ya filamu, Mwafrika hupata bunduki kwa kumnyang'anya Mzungu aliyekufa. Kwa historia, ufalme wa Wazulu ulikuwa umejinunulia maelfu ya bunduki, ila soko liliuuzia zile ambazo majeshi ya Ulaya yalikuwa yamezitupa. Waliokufa mbele ya ukuta ule, zaidi ya 350, hawakukosa ushujaa wala kuijua bunduki. Walikuwa na bunduki ya kizazi kilichopita.

5. Msamiati

Kiswahili kilipanga vizazi hivyo zamani. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa jiwe litoalo cheche. Bunduki ya fataki iliwashwa kwa kifuniko kidogo chenye dawa ya mlipuko. Zote tatu huweza kuitwa gobori, kwani hushindiliwa kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu. Martini-Henry haishindiliwi, hutiwa risasi kwa nyuma. Hivyo kitenzi chenyewe, kushindilia au kutia, chatosha kutenga pande mbili za Rorke's Drift.

Msomaji wa Kongo ana sababu ya kuyakumbuka maneno haya. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulikataza kuingiza bunduki za kisasa Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, eneo linaloizunguka nchi yote ya Kongo. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo ziliweza kuruhusiwa. Wakati huo huo Force Publique ilibeba Albini, bunduki ya risasi moja itiwayo kwa nyuma kama Martini-Henry. Kile ambacho soko lilikifanya kwa Wazulu, mkataba ulikifanya sheria kwa wengine.

6. Hitimisho

Filamu ya Zulu yastahili kutazamwa na kufundishwa, lakini pamoja na swali moja: kila silaha ilitoka wapi, na nani aliruhusiwa kuwa nayo? Mwalimu atakayemtaka mwanafunzi ataje gobori pale penye gobori, na singe pale penye singe, atakuwa amemfundisha lugha na historia katika somo moja.