Kabla Hujanunua Injini ya Mtumba ya Pikapu Yako

Najua wengine mtauliza, bwana shamba na injini wapi na wapi? Nami nawauliza: umeshavuna matenga 80 ya nyanya na pikapu imekufa, hiyo elimu yangu ya mbolea inakusaidia nini siku hiyo?

Msimu uliopita kijana mmoja wa Ilula, mkulima mzuri tu wa heka tatu, alinipigia simu usiku. Alikuwa anarudi kutoka Morogoro na matenga matupu na mifuko ya mbolea, akapandisha Kitonga, Hilux yake ikachemsha. Akasimama, akajaza maji, akaendelea. Ikachemsha tena. Alipofika nyumbani ilikuwa inatoa moshi mweupe, maji yanaisha na haonekani mahali yanapovuja. Fundi akamwambia silinda hedi imepasuka, tafuta injini nyingine ya mtumba tufunge.

Akatafuta. Duka la kwanza, injini ya kwanza, imeoshwa inang'aa kama sufuria mpya. Pesa yenyewe ilikuwa ya dawa na mbolea ya mzunguko unaofuata. Wiki tatu baadaye oili ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Akarudi dukani, wakamwambia waranti yetu ni ya kuwaka tu, na si iliwaka? Wakati anabishana nao, nyanya za mchumo wa tatu zilikuwa zinalainika shambani. Aliziuza palepale kwa walanguzi, kwa bei waliyoitaka wao.

Injini nyingine tulienda kuitafuta pamoja, tukiwa na fundi mwingine, mzee mmoja anayeongea kidogo. Haya ninayoandika mengi nimeyaona kwake.

Kabla hata hatujapanda basi, mzee aliuliza: ya kwanza ilikufa kwa nini? Akafungua rejeta. Nusu ya njia zake zilikuwa zimeziba kwa kutu, maana gari ilikuwa inatiwa maji ya mfereji miaka yote, na ile injini ya pili ilifungwa kwenye rejeta hiyo hiyo. Mpaka leo sina hakika kama dukani walimuuzia kitu kibovu au rejeta ndiyo iliyoiua. Kwa hiyo anza na gari yako. Rejeta, kifuniko chake, feni, tamostati. Na kama kilichokufa ni hedi peke yake na chini kuzima, ulizia kwanza bei ya hedi.

Sasa injini gani? Hilux nyingi za zamani zina dizeli za familia ya L: 2L ya cc 2,446, 3L ya cc 2,779 na 5L ya cc 2,986. Hizi ni ndugu, kwa hiyo kutoka 2L kwenda 3L au 5L fundi hahangaiki sana na mauntingi wala gia boksi. Ya huyu kijana ilikuwa 2L yenye tabo, ambayo mafundi wengi wanaijua kwa kupasua hedi ikichemka. Tukakubaliana 3L, haina tabo, haina kompyuta. Haina mbio, lakini matenga hayana haraka ya kukimbia. Vijana wengi wanatamani 1KZ-TE kwa sababu ina nguvu. Ni injini nzuri, ila inakuja na kontrolo boksi, waya na sensa zake, na ukikosa kimoja utakaa gereji mwezi mzima. Gari ya shamba ifungie kitu ambacho fundi wa kijijini kwako anaweza kukitengeneza.

Yadini usiende peke yako, na fundi mlipe posho yake ya siku wewe mwenyewe. Akitegemea kupewa chochote na muuzaji, macho yake hayatakuwa yako.

Mzee wetu alianza kwa kuigusa. Injini ya moto maana yake imewashwa kabla hamjafika, na inayowaka kwa shida utaijua ikiwa ya baridi tu. Kisha akafungua kifuniko cha oili na kuchungulia chini yake. Ute mweupe kama maziwa ni maji yaliyoingia kwenye oili. Tope jeusi zito ni mtu aliyekuwa habadilishi oili. Akachomoa stiki, akanusa. Akaingiza kidole kwenye mdomo wa njia ya maji: kutu nyekundu inakuambia ilinyweshwa maji matupu. Akakagua vichwa vya bolti za hedi, kama rangi imebanduka na kuna alama za spana, hedi ilishawahi kufunguliwa. Silikoni iliyofurika pembeni ya gasketi, hivyo hivyo. Injini iliyopakwa rangi mpya hakuigusa kabisa, aliipita tu.

Baadaye akashika spana kubwa, akazungusha krankishafti kwa mkono mizunguko miwili kamili. Inatakiwa iende kwa uzito unaofanana, ikaze na kulegea kwa zamu, bila kukwama wala kugonga. Akaisukuma na kuivuta puli ya mbele. Ikicheza kwa kuonekana, beringi zimekwisha.

Kinachofuata wauzaji wengi hawakipendi: kupima kompresheni. Beba geji ya dizeli, ya petroli haifai. Plagi za kupashia zinatolewa, stata inazungusha, unasoma silinda moja moja. Kwa hizi za L, nzuri inasoma zaidi ya psi 400. Ikikaribia 300 achana nayo, na silinda zisipishane zaidi ya psi 70 hivi. Injini ya kwanza tuliyoipenda silinda tatu zilikuwa sawa, ya nne ikaanguka. Muuzaji akasema itajiweka sawa ikitembea. Tukaondoka.

Ya pili iliwashwa pale chini ikiwa ya baridi. Moshi kidogo mwanzoni si kesi. Ukiendelea kuwa wa bluu, inakula oili. Mweupe usioisha unaweza kuwa maji au dizeli isiyoungua. Mweusi mara nyingi ni nozeli au pampu. Ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha oili ukiweke juu ya tundu bila kukifunga. Kikirushwa, ringi zimechoka.

Mkishakubaliana, hesabu vitu vinavyokuja nayo: pampu ya dizeli, nozeli, stata, altaneta, flaiwili. Pampu ikinunuliwa peke yake inauma. Angalia nyuma ya altaneta, kwenye hizi za L ndipo inapokaa pampu ya vakyumu inayosaidia breki. Ukifungiwa altaneta isiyo nayo, breki zinakuwa ngumu kama jiwe, na Kitonga haina mchezo ukiwa unashuka na mzigo. Soma pia volti. Baadhi ya dizeli za soko la Japani stata zake ni za volti 24, na gari yako huenda ni 12.

Risiti iwe ya EFD na iandikwe namba ya injini. Muda wa waranti uandikwe kwa siku, na iandikwe kama utarudishiwa pesa au utapewa nyingine. Namba hiyo pia iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadili injini nenda TRA ukabadilishe taarifa, la sivyo siku ya kuuza gari au ya ukaguzi utaanza kujieleza. Muuzaji asiyetaka namba iandikwe, mwachie injini yake.

Kabla haijaingia kwenye gari, badilisha mkanda wa taimingi na tensheni yake, pampu ya maji, sili ya nyuma ya kranki, filta na oili. Juu ya meza ni kazi ya saa chache. Mkanda ukikatika ndani ya gari, valvu zinagonga pistoni na umerudi kulekule. Rejeta isafishwe au inunuliwe mpya, na utie kulanti, siyo maji ya mfereji.

Gharama yote ipige kwa matenga. Sisi tulipojumlisha injini, nauli, fundi na hivyo vidogo vidogo, vidogo vilikaribia theluthi ya bei ya injini, na hicho ndicho kijana alichokuwa hajakipangia mara ya kwanza. Ilibidi apunguze heka moja msimu huu.

Gari inatembea, juzi imeshusha mzigo Morogoro na kurudi bila kuchemsha. Wiki ijayo tunarudi kwenye kantangaze, maana picha mnazonitumia za majani zinatisha.