Nani Kasema Mkisii Hajui Ziwa?

Kila Mkisii aliyesoma au kufanya kazi mbali na kwao ameusikia mzaha huu hadi akachoka: eti sisi ni watu wa ndizi na milima, samaki tulikutana naye hotelini, na mtumbwi tukiuona tunauliza unakula nini. Juzi nimeusikia tena kwenye meza ya arusi, kutoka kwa mtu mwenye elimu yake, akiwaeleza wenzake kwamba Wakisii kwa mila hawali samaki. Mzaha nimeuzoea. Kilichonichoma ni kusingiziwa mila. Mila zipi, na amezitoa wapi?

Masimulizi ya wazee wetu, ambayo mwanahistoria William Ochieng' aliyaandika katika kitabu chake cha 1974 kuhusu Wagusii kabla ya ukoloni, yanasema kwamba watu wa mhenga wetu Mogusii walitoka upande wa Mlima Elgon, wakakaa Goye kule Yimbo, ukingoni kabisa mwa ziwa, wakasogea Kisumu na nyanda za Kano, wakasukumwa hadi Kabianga, ndipo mwisho wakafika vilimani tulipo. Ochieng' mwenyewe alikuwa Mjaluo wa Yimbo; hakuwa na sababu ya kutupendelea. Tena wanaozijua koo zetu wanajua kwamba mnyama wa ukoo wa Abanchari, watu wa mama yangu, ni kiboko, engubo. Koo nyingine zina chui, nyingine pundamilia. Hawa wana kiboko. Watu wasiojua maji wangemtoa wapi kiboko wa kujivunia?

Na tulipopanda milima, ziwa halikutuacha. Mji wa Kisii uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Ziwa liko mita 1,134. Mchana jua likishapasha nchi kavu joto, upepo hutoka ziwani kuja bara, ukapanda miteremko yetu na unyevu wake, ukakutana na upepo wa mashariki, na ifikapo saa tisa au saa kumi radi zinanguruma juu ya vilima vya Manga na mvua inashuka, mara nyingine na mawe yake. Ndizi hiyo mnayotutania nayo imenyweshwa na ziwa. Maji yenyewe tunayarudisha: Gucha inaanzia vilima vya Nyamira, inapita Kisii, inaingia Migori ambako majirani wanaiita Kuja, hadi inamwagika ziwani kule Nyatike.

Basi hilo la kutokula samaki lilitoka wapi? Nadhani najua. Waadventista walifungua misheni Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na baada ya miaka michache wakapanda hadi Nyanchwa, hapo mjini Kisii. Wazee wetu wengi waliingia kanisa hilo, na kanisa hilo linashika Mambo ya Walawi sura ya 11: cha majini kisicho na mapezi na magamba hakiliwi. Mumi, yaani kambare, hana magamba. Mgeni akimwandalia Mkisii mumi, naye akaisukuma sahani kwa adabu, mgeni anarudi kwao na habari kwamba kabila zima halili samaki. Angemwekea ngege, ambaye ana magamba, angeona mifupa tu. Na Ijumaa jua likitua, mshipi unakunjwa hadi Jumamosi jioni. Hayo yametoka katika Biblia, Mwadventista wa Kijaluo anayashika vilevile, na kwetu yalifika yakitokea huko huko ufuoni. Kuyaita mila ya Wakisii ni uvivu wa kuuliza.

Mila ninayoipenda mimi ni ya soko. Nyanya yangu alikuwa akiondoka alfajiri na wenzake, kikapu cha wimbi kichwani, kwenda soko la Oyugis kwa miguu. Biashara hiyo ni ya kale kuliko sarafu: sisi tulipeleka wimbi na majembe ya wahunzi wetu, Wajaluo walileta samaki, chumvi na vyungu. Kila mwanamke alikuwa na mwenzake wa upande wa pili, hakuuziana na yeyote tu. Wa nyanya yangu alikuwa mama mmoja wa Kendu, na wawili hao walizungumza Kijaluo cha sokoni ambacho nyanya alikisema kwa lafudhi ya mlimani bila aibu yoyote. Samaki alikuwa ngege aliyepasuliwa na kuanikwa juani, obambla. Nyanya hakumnunua kwa macho. Alimnusa tumboni, kisha akaushika mkia akaukunja: ukivunjika kwa mlio, amekauka, ukipinda, bado ana maji na atashika funza kabla ya kufika nyumbani. Wimbi nalo lilimiminwa chomboni hadi likafanya kilima, na kilima hicho kikapigwa kidogo kwa kidole ili kiporomoke, kwa sababu aliyepima kwa ujanja alijulikana. Mwisho kulikuwa na nyongeza, samaki mmoja mdogo au konzi moja ya wimbi. Kuondoka bila nyongeza ilikuwa ni kusema hamtaonana tena.

Nyumbani samaki huyo alilowekwa, akapikwa polepole kwa maziwa, akaliwa na ugali wa wimbi uliopakuliwa katika kikapu cha ekee, na mboga ya chinsaga iliyolala na maziwa usiku kucha hadi uchungu wake ukapungua. Wanaoandika vitabu vya mapishi ya Kenya hutupa ukurasa mmoja, wakaweka picha ya mkungu wa ndizi.

Wageni wakija na kamera hutaka tohara, tena hutaka obokano, kinubi chetu, ipigwe hata asubuhi ya Jumatatu. Hayo yameandikwa sana, wakasome.

Mimi acha niseme juu ya babu. Kwetu baba na mwanawe aliyekwisha tahiriwa hawaogi pamoja, hawataniani, wala baba haingii katika nyumba ya mwanawe. Hiyo ndiyo ensoni, na watu wa nje huiona kama uadui kati ya mzazi na mtoto, ilhali ni heshima ya hali ya juu. Sasa, uvuvi wa mtoni huanza kwa kuvua nguo. Kwa hiyo baba yangu hakuwahi kuvua pamoja na kaka zangu. Aliyewapeleka Gucha ni babu, kwa kuwa babu na mjukuu ni watani na hawana la kufichana. Mimi, kwa kuwa msichana, nilibeba kopo la minyoo na kuachwa ukingoni nikilinda nguo, kazi niliyoichukia. Babu alisuka migono kwa mikono yake, akaitega kati ya mawe, mdomo ukielekea maji yanakoshukia, kwa sababu samaki apandaye mto huja kutoka huko. Kesho yake tulikuwa tukikuta samaki wadogo wa kujaza sufuria, na mara moja moja mumi. Babu hakubatizwa hadi uzeeni, nyanya alikuwa shemasi. Mumi alipikwa nje, kwenye chungu cha babu, nyuma ya ghala, na chungu hicho hakikuvuka kizingiti cha nyanya. Hawakugombana juu yake hata siku moja. Nasikia leo watu wa nyumba moja wanaachana kwa sababu ya makanisa.

Ziwa lenyewe nililipata ukubwani, kwa ndoa ya dada yangu. Aliolewa Karachuonyo, ufuoni, na shemeji ana mtumbwi mdogo wa mbao, wa watu wawili au watatu wakikaa bila kutanua magoti. Viungo vya mbao vimezibwa kwa pamba na vipande vya bati, na bado maji yanapenya, hivyo anayekaa nyuma ana kibuyu cha plastiki kilichokatwa cha kuchotea. Mara ya kwanza wazee wa ufuo walininunia. Mwanamke chomboni huondoa bahati, walisema, na mwiko huo bado una wenyewe ingawa siku hizi wako wanawake wanaovua. Shemeji akawajibu kwamba mimi si mwanamke wa pale, ni mgeni wa mlimani, na mgeni hana mwiko. Wakacheka, nikapanda.

Huwa tunaondoka kabla ya kupambazuka, kwa sababu usiku nchi kavu hupoa kuliko maji na upepo huvuma kutoka bara; unakusukuma nje bila kuchosha kasia. Mbali zaidi taa za wavuvi wa omena ndiyo kwanza zinazimwa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni za sola. Sisi hatuwafuati. Shemeji huutuliza mtumbwi karibu na mafunjo, akashusha jiwe la nanga, kila mtu akafungua mshipi wake uliozungushwa kwenye kijiti. Ndoana moja, chubwi dogo, mnyoo mmoja. Minyoo ndiyo mchango wangu. Huichimba chini ya migomba, penye shina lililooza, nikaileta kwa matatu ndani ya mkebe wa maziwa wenye udongo mbichi. Shemeji anadai ngege wa kwao wanapenda minyoo ya Kisii kuliko ya ufuoni, na mimi sitambishia.

Mshipi hupita juu ya kidole cha shahada. Ngege hang'ati kwa pupa. Anaonja, anaacha, anaonja. Ukivuta mapema umempa kiamsha kinywa cha bure. Unangoja hadi uzi uanze kwenda kando, siyo chini, ndipo unakaza mkono bila kurusha. Samaki aitwaye fulu yeye ni mwizi mtupu: kidole hakijasikia lolote, na ndoana inarudi tupu. Hapo katikati watu wanazungumza, kwa sauti ya chini, na ni mazungumzo ambayo nchi kavu hayafanyiki. Shemeji na mimi kwa desturi za pande zote mbili tunapaswa kukaa kwa staha. Lakini wote wawili tumetazama maji, hakuna anayemwona mwenzake usoni, na hivyo nimesikia humo habari za madeni, za mtoto aliyeacha shule, za dada yangu mwenyewe, ambazo sebuleni zisingetamkwa. Kinachofuata ni chai ya flaski na ndizi mbivu.

Kwenye saa nne upepo hufa. Ziwa linalala, jua linauma, na siku nyingine sami, wale wadudu wadogo wa ziwa, huinuka kwa mamilioni kama moshi wa shamba linalochomwa. Ukifunga mdomo watakuingia puani. Siku moja kiboko aliibua macho upande wa mafunjo. Shemeji akang'oa nanga bila neno, maana kiboko huua watu ziwani kila mwaka. Nikamnong'oneza kwamba huyo ni mjomba. Akasema mjomba asalimiwe kutoka mbali. Mchana upepo wa ziwa ukianza, anatundika tanga la magunia yaliyoshonwa na tunarudi bila kupiga kasia. Samaki huwa ni wa mlo mmoja wa nyumba, labda na jirani. Hiyo ndiyo raha yake: hakuna wa kumlipa, hakuna bei ya kungoja.

Ninajua si wote wanaovua kwa raha. Tangu mbuta, yaani sangara, apandwe ziwani miaka ya 1950 na kuenea miaka ya 1980, fulu wa aina nyingi wametoweka, viwanda vikachukua minofu na kutuachia mgongo wazi. Ningu, aliyekuwa akipanda mito msimu wa mvua ndefu, ametegwa kwa nyavu midomoni mwa mito hadi akawa hadithi. Omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, na miezi hiyo watu wa ufuo hula deni. Nayajua. Hata hivyo sikubali kwamba ziwa liandikwe kama msiba tu.

Kwetu ndiko hofu yangu iliko. Mpango wa serikali wa 2009 ulichimba mabwawa ya samaki, 200 kwa kila eneo bunge lililochaguliwa, kila moja la mita za mraba 300, na Kegati kuna kituo cha utafiti wa ufugaji huo. Ni vizuri, lakini mengi yalikauka chakula cha samaki kilipopanda bei, na hata lililo hai halikufundishi kusubiri upepo. Sokoni Daraja Mbili utapata ngege wa barafu waliotoka China kwa katoni, na muuzaji hakujui wala hatoi nyongeza. Vijana wetu wakifika Homa Bay hulipia mashua ya injini, wakavaa jaketi za rangi ya machungwa, wakapiga muziki, wakapiga picha, wakarudi. Mshipi hawajaushika. Halafu wakitaniwa kwamba hawajui ziwa, wanakasirika.

Na Gucha ya babu? Mahali alipotega migono sasa kijana wa shule anavuka kiangazi bila kulowa magoti. Tumepanda mikalitusi ukingoni, safu kwa safu, kwa kuwa viwanda vya chai vinataka kuni na stima inataka nguzo, na mti huo unakunywa mchana na usiku. Serikali ya kaunti imesema mara nyingi ing'olewe kwenye kingo za mito. Ya kwetu bado imesimama. Kaka zangu, walewale waliofundishwa kuvua pale, wamenieleza kwamba ikibaki miaka michache zaidi itatoa nguzo za bei nzuri, na mimi niliyelinda nguo zao sina kura katika shamba hilo.