Picha za karibu: Nyufa za Bura zina wenyewe

UKIMWONA mtu amepiga magoti kando ya mfereji mkavu, kamera karibu iguse udongo, usidhani ameangusha sarafu. Huenda anapiga picha ambazo kutu, rangi inayobanduka au udongo uliopasuka hujaza nafasi yote, hata mtazamaji asitambue ni kitu gani. Mmarekani Aaron Siskind (1903-1991) alijipatia sifa kwa picha za kuta kuukuu namna hiyo.

Huko Bura, katika Kaunti ya Tana River, vitu vya kupigwa picha kama hizo havikosekani. Ila karibu vyote vina historia, nayo haionekani pichani.

Nchi hiyo ilikuwa ya Waorma wafugaji na Wapokomo wakulima wa kingo za mto kabla serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, haijaanzisha mradi wa kunyunyizia mashamba maji. Walowezi wa kwanza waliwasili 1981 kulima pamba. Zilikusudiwa hekta 6,700. Zilizotayarishwa zilikuwa kama 2,500 tu. Maji yalivutwa kutoka Mto Tana kwa pampu za dizeli huko Nanigi, na pampu zilipogoma, mifereji ilikauka na pamba ikanyauka. Mapema miaka ya 1990 kilimo kilikuwa kimesambaratika. Kilifufuliwa 2005.

Udongo wa huko ni mfinyanzi mzito wenye chumvi chini. Shamba likinyweshwa na maji yasipate pa kutokea, jua huvuta unyevu juu na kuacha ukoko mweupe. Pichani, ukoko huo hufanana na povu la mawimbi. Ni mzuri ajabu, na hauoti mahindi.

Kisha kuna mathenge, mti ulioletwa Bura miaka ya 1980 ili walowezi wapate kuni. Sasa umevamia malisho na mifereji. Piga picha gome lake peke yake, utapata mistari ya kahawia ya kupendeza, na mfugaji aliyepoteza malisho hataonekana popote.

Mbele ya lenzi, ufa ulioletwa na kiangazi na ufa wa mfereji ulionyimwa maji ni mamoja. Kwa maoni yangu, picha ya aina hii isiyo na maelezo huwaficha waliohusika.

Kwa hivyo, msomaji, ukijaribu, hata kwa simu, piga kwanza ukiwa mbali, mfereji wote uonekane, ndipo usogee. Chagua asubuhi au jioni, kwa kuwa mwanga wa ubavuni hutokeza kila mkunjo. Weka sarafu ya shilingi kando ya ufa ili upana wake ujulikane. Andika mahali na tarehe, kisha waulize wazee wa vijiji vya mradi mfereji huo ulikauka mwaka gani.

Na uvae viatu vya soli nene. Miiba ya mathenge hupenya kandambili bila kubisha hodi.