UZI: Kabla hujabishana kuhusu bunduki za raia, uliza kwanza walifunzwa wapi

1/ Kila baada ya wizi mkubwa au shambulio, mjadala ni ule ule. Hawa wanasema, "Raia wapewe bunduki wajilinde." Wale wanasema, "Wanyang'anywe wote." Kelele yote ni ya nani apewe leseni. Karibu hakuna anayeuliza huyo mtu alifunzwa nini kabla ya kupewa. Leo tukae hapo. Kama kawaida, sitaji mwanasiasa wala chama. 🧵

2/ Mimi nilifika hapa kwa sababu ya mjomba. Ana duka la hadiwea. Wezi wamemtembelea mara mbili, na mara ya pili walimfungia ndani yeye na mfanyakazi wake. Akaamua kuomba leseni ya bastola. Akanipigia: "Wewe si ndiye unasoma mambo ya serikali? Hebu nitafutie hiyo kozi." Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Ilinimaliza wiki tatu.

3/ Tuanze na msingi, maana hapa ndipo wengi huteleza. Kenya hakuna haki ya kikatiba ya kumiliki bunduki. Hiyo ni ya Marekani, kwenye Marekebisho ya Pili ya mwaka 1791, na sisi tumeizoea kwa sababu ya sinema. Katiba yetu ya 2010 haina kifungu kama hicho. Iliyo nayo ni Kifungu cha 29, kinachosema usifanyiwe ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi.

4/ Bunduki za raia ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ambayo mizizi yake ni miaka ya 1950, enzi ya Hali ya Hatari. Bila cheti huruhusiwi kununua, kupata wala kukaa na bunduki. Ili upewe, lazima uwe na sababu nzuri na usiwe hatari kwa usalama wa umma. Mlevi hapewi. Asiye na akili timamu hapewi. Wanaoamua ni Bodi ya Leseni za Silaha, iliyoletwa na mabadiliko ya sheria za usalama ya 2014.

5/ Sasa angalia vizuri hiyo orodha. Karibu yote ni kuhusu tabia. Lakini mtu anaweza kuwa mpole, hanywi, hana kesi hata ya trafiki, na bado hajui kuhakikisha bastola haina risasi ndani. Cheti cha tabia njema kinasema hujapatikana na hatia. Daktari anasema kichwa kiko sawa. Katika hilo faili lote, karatasi inayozungumza kuhusu mikono yako ni moja tu: ile ya mafunzo.

6/ Na ndiyo rahisi zaidi kuuziwa. Mtu wa kwanza tuliyempigia hakuuliza kama mjomba amewahi kushika bunduki. Aliuliza jina kamili, lilivyo kwenye kitambulisho. "Tuma pesa leo, Ijumaa cheti kiko tayari. Si lazima uje." Nikasema ukweli hapa: mjomba alitaka kukubali. Kufunga duka siku mbili ni hasara, na yeye aliona kozi kama stempu nyingine ya serikali, unalipa unapita.

7/ Kilichomzuia ni swali la mama yangu, aliyekuwa anasikiliza tu: "Na Kadogo?" Kadogo ni kitinda mimba wa mjomba, ana miaka sita, na anajua kila mahali biskuti zimewahi kufichwa kwenye ile nyumba. Simu ikanyamaza. Hapo ndipo nilielewa kwamba kozi si mambo ya mwenye leseni peke yake. Ni ya kila mtu anayelala nyumba moja naye, na kila mtu anayepanga foleni naye benki.

8/ Basi, unachaguaje kozi? Haya ndiyo maswali tuliyoishia kutumia. La kwanza: hiki cheti kinatambuliwa na nani? Usimuulize anayekiuzia. Uliza polisi wa eneo lako ambao ombi lako litapitia kwao, au Bodi yenyewe, na uulize KABLA ya kulipa. Tangazo lenye nembo na bendera si kibali.

9/ La pili: mimi mwenyewe nitafyatua risasi ngapi? Kuna kozi ambayo ni slaidi asubuhi, chai, kisha kila mtu anapiga risasi chache huku wengine wanachukua video. Hiyo ni matembezi. Unataka kozi ambapo unarudia mambo ya kuchosha: kujaza, kutoa, kuhakikisha chemba ni tupu, kushughulikia risasi iliyokwama. Mikono hujifunza kwa kurudia. Ukiwa na hofu usiku, utafanya kile mikono ilizoea.

10/ La tatu: naweza kufeli? Hili ndilo swali langu pendwa. Ukiuliza na upande wa pili ucheke, "Aah, hapa kila mtu hupita," kata simu. Mtihani ambao hakuna anayeweza kuanguka ni risiti tu.

11/ La nne: mwalimu mmoja kwa wanafunzi wangapi pale kwenye mstari wa kufyatua? Darasani hata mkiwa thelathini si neno. Lakini bunduki ikiwa na risasi, mwalimu anapaswa kuona mikono yenu yote. Mwanafunzi mgeni akiitwa jina hugeuka na mwili mzima, bastola ikiwa mkononi. Hapo kama mwalimu yuko mbali, ni Mungu tu.

12/ La tano: wanaanza na nini? Kozi ya maana huanza na kanuni nne zinazofunzwa karibu dunia nzima:
• Kila bunduki ichukulie ina risasi.
• Usielekeze mtutu kwa kitu ambacho hauko tayari kukiharibu.
• Kidole kikae nje ya triga hadi uwe umelenga na umeamua.
• Jua unacholenga, na jua kilicho nyuma yake.
Hiyo ya nne ifikirie ukiwa kwenye nyumba za mabati au ploti ya ghorofa. Risasi haijui ukuta wa jirani unaanzia wapi.

13/ La sita: wanafundisha sheria ya kujikinga? Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema matumizi ya nguvu katika kujilinda au kulinda mali yatapimwa kwa misingi ya sheria ya kimila ya Kiingereza. Kwa lugha ya kawaida: nguvu uliyotumia lazima iwe ya lazima na ilingane na hatari iliyokuwepo. Mwizi akigeuka na kukimbia na TV yako, hatari kwa uhai wako imeondoka naye. Ukimpiga risasi mgongoni, wewe ndiye utakuwa unajieleza kortini.

14/ Hapa mjomba alishtuka kabisa. Yeye, kama wengi wetu, alidhani leseni ni ruhusa ya kupiga mwizi. Leseni ni ruhusa ya kuwa na bunduki, basi. Kila risasi unayofyatua ina hesabu yake. Na siasa ya majukwaani haisaidii, kwa sababu pale juu husemwa "jilindeni" na watu wanashangilia, halafu hakuna anayemalizia sentensi.

15/ La saba: wanazungumza kuhusu kuhifadhi? Mwenye leseni ana wajibu wa kuweka silaha salama wakati wote. "Chini ya godoro" si salama. "Juu ya kabati" pia si salama, muulize Kadogo. Uliza kama kozi inaonyesha sefu ya aina gani, nani anajua namba, bastola inakaa wapi ukiwa unaoga, na unafanya nini mara moja ikipotea. Bunduki halali ikiibwa, kuanzia jioni hiyo ni bunduki haramu.

16/ La nane: uwanja wenyewe. Nenda uuone. Kuna tuta la kuzuia risasi? Vifaa vya kuziba masikio na miwani? Sanduku la huduma ya kwanza, na mtu anayejua kulitumia? Kuna mtu mmoja ambaye neno lake "simama" linasimamisha kila mtu? Wakikataa usitembelee kabla ya kulipa, umeshapata jibu.

17/ Alama mbili za kukimbia. Moja: mtu anayekuambia "nunua bunduki kwanza, leseni itakupata." Tumeona hapo juu, kukaa nayo bila cheti ni kosa. Mbili: mwalimu anayeuza uanaume au hofu. "Mwanaume bila bastola ni nani?" Mwalimu mzuri hutumia muda mwingi kukueleza wakati ambao HUPASWI kuichomoa.

18/ Sasa turudi kwa siasa. Kuna hoja mbili hutumika vibaya. Ya kwanza: "Shida si wenye leseni, shida ni silaha haramu." Ina ukweli ndani yake. Makadirio ya Small Arms Survey ya 2017 yaliweka bunduki mikononi mwa raia Kenya kuwa karibu 750,000, na zilizosajiliwa kama 8,000 tu. Silaha haramu ndizo nyingi, kwa mbali sana.

19/ Lakini zile chache ndizo serikali imetia sahihi kwa niaba yako. Ya haramu hukuulizwa. Ya halali, kuna mtu alikaa ofisini akasema, "Huyu anafaa kutembea na bastola katikati ya wananchi." Una haki ya kuuliza alitumia kipimo gani. Na tusijifanye hatujawahi kuona video za mtu akifyatua hewani kwenye sherehe au akichomoa bastola kwenye klabu.

20/ Hoja ya pili: "Westgate." Ni kweli, Septemba 2013 baadhi ya raia wenye leseni waliingia na kusaidia kutoa watu. Ni ushujaa, hakuna anayewanyima. Lakini ukitumia mfano huo kusema kila mtu abebe, umeruka hatua. Kubaki na akili mahali watu wanakimbia kila upande, usimpige asiye na hatia, kunahitaji mazoezi. Westgate inatetea mafunzo kuliko inavyotetea wingi wa leseni.

21/ Serikali nayo? Desemba 2018 iliagiza wamiliki wote wa bunduki za kiraia wapigwe msasa upya, wakapewa siku 90. Ilikuwa njia ya kukiri kwamba baadhi ya leseni zilitoka kwa njia zisizoeleweka. Lakini msasa hukagua karatasi na mtu wa leo. Haumfunzi kitu.

22/ Wengine wanafanyaje? Afrika Kusini, sheria yao ya mwaka 2000 inatenganisha mambo mawili: kwanza mtu apate cheti cha umahiri baada ya mafunzo na mtihani, ndipo aombe leseni ya bunduki. Kanada wana kozi ya taifa, yenye mtihani wa kuandika na wa vitendo, na alama ya kupita ni asilimia 80. Huko ukiambiwa mtu amefanya kozi, unajua amefanya nini.

23/ Pingamizi la haki lipo. Ukiweka kozi ndefu na ghali, bunduki halali zinabaki za matajiri wa mitaa yenye mageti, na mwenye duka wa kawaida anaachwa na rungu. Mimi naona dawa si kushusha kipimo. Ni kuwa na silabasi moja iliyo wazi, ada inayojulikana, na orodha ya wakufunzi waliokubaliwa ambayo raia yeyote anaweza kuisoma. Ukipinga, nipe hoja, si matusi.

24/ Kwa hivyo mgombea akija kwenu na "tutawapa raia silaha" au "tutazichukua zote", muulize matatu: Nani ataidhinisha wakufunzi? Mtihani unafeliwa vipi? Mwenye leseni anarudi darasani baada ya muda gani? Akijibu kwa wimbo, mwache aimbe.

25/ Na mjomba? Alienda kozi ya kweli. Siku ya vitendo alifeli. Kidole chake kilikuwa kinarudi kwenye triga kila mara kabla ya kulenga, na mwalimu akamwambia arudi mwezi unaofuata. Alikasirika wiki nzima. Kisha akaweka grili mpya dukani, akaajiri mlinzi wa usiku, na bado anasema atarudi kufanya mtihani. Juzi nilimuuliza kama anajuta kukataa kile cheti cha Ijumaa. Akaniangalia, akaangalia Kadogo aliyekuwa amepanda kwenye kaunta, akasema, "Shusha huyo mtoto kwanza."

26/ Ukiwa na swali, weka hapo chini, nitajibu ninayoyajua. Mwenye kozi anayesoma hapa na anafelisha watu: asante. Sambaza huu uzi kwa yule mtu wa familia mwenye pesa ya bastola na haraka ya cheti.