Kunyamazisha Jeni: Somo la Ugonjwa wa Huntington

Mtoto wa mzazi mwenye ugonjwa wa Huntington huzaliwa akiwa na uwezekano wa asilimia 50 wa kuurithi. Dalili huanza kwa kawaida kati ya umri wa miaka 30 na 50: viungo huchezacheza bila hiari, hulka hubadilika, fikra hufifia. Mara nyingi, wakati huo, mgonjwa huwa tayari amepata watoto. Dawa zinazotumika hospitalini hutuliza dalili. Mwendo wa ugonjwa haziuzuii.

Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1993 watafiti, wakisaidiwa na familia za kando ya Ziwa Maracaibo nchini Venezuela, waliitambua jeni ya HTT katika kromosomu ya nne. Ndani yake herufi tatu, CAG, hurudiwa mfululizo. Anayezirudia mara 40 au zaidi ataugua iwapo ataishi umri wa kawaida, kwani protini inayotokana na jeni hiyo huwa na kasoro na huangamiza seli za ubongo.

Hata hivyo, jeni haitengenezi protini moja kwa moja. Kwanza hunakiliwa katika RNA mjumbe, na nakala hiyo ndiyo isomwayo na seli. Nakala ikiharibiwa, protini hupungua, ilhali jeni yenyewe haiguswi. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha, kwa kuchunguza minyoo, kwamba RNA yenye nyuzi mbili huweza kunyamazisha jeni kwa njia hiyo. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2006.

Kutoka kwa mnyoo hadi kwa mgonjwa palikuwa na vikwazo viwili. Kwanza, RNA tupu huvunjwa upesi na vimeng'enya vya mwili. Wanakemia waliikinga kwa kuongeza florini au kundi la methili kwenye sukari yake, na kwa kuweka salfa mahali pa baadhi ya oksijeni katika viungo vya fosfeti. Pili, ukuta unaotenganisha damu na ubongo hauipitishi. Hivyo huingizwa moja kwa moja katika kiowevu cha ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 2019 Anastasia Khvorova na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, walieleza molekuli iliyounganisha RNA mbili za aina hiyo. Katika panya, dozi moja ilipunguza protini ya Huntington kwa muda wa angalau miezi sita.

Lakini kunyamazisha si kuponya. Dawa ya tominersen, uzi mmoja wa asidi nukleiki uliorekebishwa kikemia, ilipunguza protini yenye kasoro katika kiowevu cha wagonjwa wa majaribio ya awali. Jaribio kubwa likafuata, likiwa na washiriki 791. Mwezi Machi 2021 utoaji wa dawa ulisitishwa: waliochomwa kila baada ya wiki nane walizidi kudhoofika kuliko waliochomwa sindano isiyo na dawa.

Tominersen haichagui, hupunguza protini yenye kasoro pamoja na ile nzima, ambayo seli za ubongo huihitaji. Uchambuzi wa baadaye ulidokeza kwamba huenda vijana ambao ugonjwa wao haujakomaa wakanufaika, na jaribio jipya lenye dozi ndogo likaanzishwa kwa ajili yao.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Udumifu uliotafutwa na wanakemia ni neema kwa mgonjwa, kwa kuwa sindano mbili kwa mwaka ni mzigo mwepesi. Lakini dawa inayodumu miezi sita haiwezi kuondolewa mwilini ikileta madhara. Kwa hiyo kipimo, uteuzi wa shabaha na wakati wa kuanza tiba vina uzito sawa na nguvu ya dawa yenyewe.

Wakati wa kuanza hutegemea utambuzi wa mapema. Tiba inayolenga jeni moja haimfai mgonjwa ambaye jeni yake haijapimwa. Kwa daktari anayempokea mtu mwenye viungo vinavyochezacheza, kazi huanza na maswali ya kawaida kabisa: je, baba au mama aliugua hivi, na akiwa na umri gani? Kabla ya kipimo, familia ipewe ushauri nasaha, kwa maana jibu la mmoja huwagusa ndugu zake wote.